Jinsi ya Kusoma Picha za Kale za Mji wa Uskoti: Mitaa, Maduka na Kazi za Mikono za St Andrews

Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha ya kale ni ushahidi dhaifu kuliko picha yenyewe. Mara nyingi huandikwa miaka mingi baada ya picha kupigwa, na mtu aliyerithi albamu au karani wa kampuni ya kadi za posta ambaye pengine hakuwahi kukanyaga mtaa huo. Kisha hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka tovuti hadi tovuti, hata yakapata heshima yasiyoistahiki. Anayetaka kujua picha ya mtaa, duka au karakana ilipigwa lini na wapi, na inaonyesha nini hasa, hana budi kuyaweka maelezo hayo kando kwa muda, kuihoji picha yenyewe, na kuyarudia mwishoni ili aone kama yanakubaliana na alichokiona kwa macho yake.

Mji unaotumiwa hapa kuwa mfano ni St Andrews, ulioko Fife, kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ramani yake haimchanganyi mgeni: mitaa mitatu mikubwa, yaani North Street, Market Street na South Street, inatoka magharibi kuelekea mashariki, na miwili ya pembeni inaishia penye magofu ya kanisa kuu. Mchoro wa mji uliofanywa na John Geddy karibu na mwaka 1580 unaionyesha mitaa hiyo hiyo, kwa hiyo picha iliyopigwa miaka ya 1840 inaweza kulinganishwa na mahali palepale leo pasipo kubahatisha. Pili, upigaji picha ulifika huko mapema kuliko katika miji mingi ya ukubwa wake. William Henry Fox Talbot alipoupatia hataza uvumbuzi wake wa kalotaipu, yaani picha inayochapwa kutoka negativu ya karatasi, mwaka 1841, hataza hiyo iliifunga Uingereza na Wales lakini haikuigusa Uskoti. Sir David Brewster, mkuu wa chuo katika Chuo Kikuu cha St Andrews, aliandikiana barua na Talbot, akaupeleka ujuzi huo kwa daktari wa mji, John Adamson, ambaye mwaka huohuo wa 1841 alipiga picha ya kwanza ya mtu kwa njia ya kalotaipu nchini Uskoti. Ndugu yake mdogo, Robert, alihamia Edinburgh mwaka 1843 na kushirikiana na mchoraji David Octavius Hill hadi kifo chake mwaka 1848. Aliyebaki mjini na kuufanya upigaji picha kuwa riziki ya kila siku ni Thomas Rodger, mwanafunzi wa Dk. Adamson, ambaye mwaka 1866 alijenga nyumba yenye studio pale St Mary's Place.

Picha zenyewe hazina haja ya kutafutwa mbali. Maktaba ya Chuo Kikuu cha St Andrews inatunza mkusanyiko mkubwa unaotafutika kwa intaneti, pamoja na hazina ya kampuni ya Valentine ya Dundee, ambayo iliuza picha na kadi za posta za kila pembe ya Uingereza na Uskoti. Chuo Kikuu cha Aberdeen kina mabamba ya vioo zaidi ya 37,000 ya kampuni ya George Washington Wilson, mshindani mkubwa wa Valentine. Maktaba ya Taifa ya Uskoti, iliyoko Edinburgh, imeweka wazi bila malipo ramani za zamani na vitabu vya anwani, na vyote viwili vitahitajika hapa chini. Msomaji wa pwani yetu atafurahi kujua kwamba maktaba hiyohiyo inazo picha za John Kirk, daktari aliyezaliwa Barry, ng'ambo ya kaskazini ya mlango wa mto Tay, ambaye alibeba kamera hadi Zambezi na Zanzibar kabla na baada ya kuwa balozi mdogo. Njia zinazoelezwa hapa zinazifaa picha zake pia, ila ile ya jua, ambayo kwa sababu zitakazoonekana inapaswa kurekebishwa kulingana na mwezi.

Anza na kitu kabla ya picha

Picha ni kitu kabla ya kuwa mandhari, na aina ya kitu hicho huweka mipaka ya tarehe ambayo hakuna maelezo yanayoweza kuivuka. Kalotaipu huchapwa kutoka negativu ya karatasi, na nyuzi za karatasi hiyo huonekana: mistari ya majengo ni laini, vivuli ni mafungu mazito ya rangi ya kahawia, na vitu vidogo vilivyo mbali huyeyuka. Ukiona sura hiyo, unashughulika na miaka ya 1840 au ya 1850. Negativu ya kioo kwa njia ya kolodioni, kimiminika kinachonata kilichopakwa kwenye kioo, iliyotangazwa mwaka 1851, ilileta ukali wa mistari unaomwezesha mtu kuhesabu matofali; picha zake huchapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, yenye mng'ao na wekundu wa kahawia unaogeuka manjano kadiri unavyozeeka. Picha ndogo zilizobandikwa kwenye kadi ngumu ya kiasi cha milimita 64 kwa 100, na jina la studio nyuma yake, zilivuma katika miaka ya 1860; kadi kubwa zaidi za milimita 108 kwa 165 zilianza mwaka 1866.

Kisha tazama miguu ya wapita njia. Kolodioni ilidai sekunde kadhaa za mwanga, na kalotaipu ilidai muda mrefu zaidi. Mtu anayetembea hakubaki kwenye bamba, au alibaki kama ukungu usio na kichwa. Ndiyo maana mitaa ya picha za zamani huonekana mitupu, na wageni wengi hudhani mji ulikuwa umehamwa. Haukuhamwa: watu walikuwamo, wakipita, na kamera haikuwashika. Mabamba makavu, yaani vioo vilivyopakwa dawa mapema na vilivyohitaji mwanga wa muda mfupi zaidi, yalipoenea mwishoni mwa miaka ya 1870, hatua iliyonyanyuliwa ilianza kuonekana wazi. Kanuni hii ina mwanya mmoja ambao hudanganya hata wazoefu, kwa kuwa kamera ndogo za picha pacha za kutazamwa kwa macho mawili ziliweza kufanya kazi haraka zaidi: Wilson alijipatia sifa mwaka 1859 kwa picha za aina hiyo za Princes Street mjini Edinburgh, zenye watu na magari ya farasi yakiwa mwendoni. Picha ndogo iliyo pacha isihukumiwe kwa kanuni ya picha kubwa.

Jambo jingine linalopotosha ni rangi. Mabamba ya zamani yaliiona buluu kuwa nyeupe na hayakuuona wekundu, hivyo anga karibu kila mara ni tupu bila mawingu, na kitu chekundu hutoka cheusi. Kibao cha duka kilichopakwa rangi nyekundu kinaweza kuonekana kama cha kuombolezea. Hoteli ya Grand iliyofunguliwa mwaka 1895 nyuma ya shimo la mwisho la uwanja wa gofu wa Old Course, iliyojengwa kwa mawe mekundu, huonekana katika picha za miaka yake ya kwanza kama jengo la kiza lililozungukwa na majirani weupe. Mawingu mazuri yakiwapo katika picha ya miaka ya 1870, fahamu kwamba yamechapwa kutoka negativu nyingine au yamechorwa.

Kadi za posta zinastahili uangalifu wa pekee kwa kuwa ndizo picha za mitaa zinazopatikana kwa wingi, na kwa kuwa zina upande wa nyuma. Serikali iliruhusu kadi za watu binafsi kupelekwa kwa stempu ya kubandika mwaka 1894. Hadi 1902 upande wa stempu ulikuwa wa anwani peke yake, hivyo mwandishi alilazimika kubana salamu zake pembeni mwa picha. Kuanzia 1902 nyuma iligawanywa sehemu mbili na picha ikaenea upande mzima wa mbele. Gharama ya kutuma kadi ilikuwa nusu peni hadi Juni 1918, kisha ikawa peni moja. Kichwa cha mfalme au malkia kwenye stempu husaidia pia: Victoria hadi mwisho wa 1901, Edward wa Saba kuanzia 1902, kisha George wa Tano kuanzia 1911. Lakini muhuri wa posta unatoa tarehe ya kutumwa kwa kadi tu. Duka liliweza kuuza kadi ileile kwa miaka kumi au zaidi, na mnunuzi akaiweka mtotoni mwa meza miaka mingine kabla ya kuituma. Kwa kadi za Valentine, chunguza pembe ya chini utafute herufi JV na namba: namba hiyo ilitolewa picha iliposajiliwa na kampuni, na kwa hiyo iko karibu na siku ya kupigwa kuliko muhuri wowote. Za Wilson zina herufi G.W.W. na namba pia. Hata hivyo kampuni hizo hazikuona haya kukarabati picha. Mafundi wao walifuta nguzo, waliongeza watu, na waliweza kupachika gari katika mtaa uliopigwa kabla ya magari ili kadi ionekane mpya, kwa hiyo gari lisilo na kivuli, au ambalo magurudumu yake hayagusi ardhi, lisitumiwe kama ushahidi wa tarehe.

Jua mpiga picha alisimama wapi

Kabla ya kusoma duka hata moja, amua kamera ilielekea wapi. Katika St Andrews alama ni chache na hazihami. Ukitazama mashariki ukiwa South Street, mnara wa kanisa la Holy Trinity uko kushoto kwako, na jengo la halmashauri ya mji liko kulia. Ukitazama magharibi katika mtaa huohuo, mwisho wake umefungwa na West Port, lango la mawe lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16 na kufanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 1843 na 1845. Katika North Street mnara wa St Salvator uko upande wa kaskazini. Alama hizi zikiwa upande usio wake, picha imechapwa kinyume, yaani bamba liligeuzwa, na kosa hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Maandishi ya vibao yatalithibitisha, lakini pale ambapo vibao havisomeki, ni mnara tu utakaokuokoa.

Baada ya hapo fuata jua. Kwa sisi tuliozoea jua linalopita utosini, na ambalo kwa miezi kadhaa huegemea kaskazini na miezi mingine kusini, ni rahisi kusahau kwamba katika latitudo ya nyuzi 56 kaskazini jua la adhuhuri liko kusini siku zote za mwaka. Maduka ya upande wa kaskazini wa South Street hutazama kusini na hupigwa na jua. Yale ya upande wa pili hukaa kivulini mchana kutwa. Ndiyo maana katika picha nyingi vyandarua vya kivuli vinavyokunjuliwa juu ya madirisha ya maduka viko upande mmoja tu wa mtaa, na mtu asiyejua huanza kubuni sababu za kibiashara. Muuza nguo alikunjua chandarua kwa sababu kitambaa hupauka juani. Muuza nyama alifanya hivyo kwa sababu zilizo wazi zaidi. Chandarua kilichokunjuliwa kinakupa siku ya jua na saa za kazi.

Urefu wa kivuli unakupa majira. Katikati ya kiangazi, saa sita mchana, jua la St Andrews hufikia nyuzi 57 hivi juu ya upeo, na kivuli cha mtu ni kifupi kuliko kimo chake. Mwezi Desemba saa hiyohiyo jua haliinuki zaidi ya nyuzi 10, na kivuli cha mtu hurefuka zaidi ya mara tano ya kimo chake, kiasi kwamba nyumba za upande wa kusini huufunika mtaa mzima na kuipanda mbele ya nyumba za kaskazini. Ukiona mbele ya maduka yanayotazama kaskazini inang'aa kwa jua, usiseme picha imegeuzwa mpaka ufikirie kiangazi: mwezi Juni jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki kabla ya saa kumi alfajiri kwa hesabu ya wakati ule, kwani saa hazikusogezwa mbele hadi mwaka 1916. Wapiga picha wa biashara walizipenda asubuhi hizo. Mtaa ulikuwa mweupe kwa mwanga na hapakuwa na mikokoteni ya kuwaharibia kazi. Milango ya maduka iliyofungwa katika mwanga mkali wa namna hiyo ni alama ya alfajiri ya kiangazi kuliko ya Jumapili.

Majengo yanayokuja na kuondoka ndiyo kalenda ya mwisho ya hatua hii. Jela na ofisi ya kale ya mji iliyokuwa katikati ya Market Street ilibomolewa mwaka 1862, na chemchemi ya ukumbusho wa Whyte-Melville iliwekwa mtaa huohuo mwaka 1880. Kwa hiyo Market Street isiyo na jengo hilo wala chemchemi iko katikati ya miaka hiyo miwili. Kanisa la Holy Trinity lilijengwa upya kati ya 1907 na 1909, mnara wake wa kale ukiachwa. Mnara wa kumbukumbu ya wafu wa vita uliopo mwisho wa mashariki wa North Street ni wa mwaka 1922. Reli ilifika mjini mwaka 1852 na ikafungwa mwaka 1969. Tengeneza orodha yako ya namna hii kwa mji wowote unaoushughulikia, ukiandika mwaka wa kujengwa na wa kubomolewa, na uiweke pembeni unapotazama. Kwa magari, namba za usajili zilianza Januari 1904, na herufi SP zilikuwa za Fife. Gari lenye TS limetoka Dundee, na lenye S peke yake limetoka Edinburgh.

Vibao vya maduka

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo wengi wanapokimbilia mapema mno. Fungua picha katika ukubwa wake wa mwisho, au tumia kioo cha kukuzia ikiwa unayo karatasi mkononi, na usome kila herufi: jina juu ya mlango, jina kwenye kioo, maandishi kwenye mkokoteni, karatasi zilizobandikwa ukutani. Andika unachokiona, si unachokitarajia. Ikiwa herufi tatu za mwisho hazisomeki, weka nukta tatu na uziache hivyo. Maduka yasiyo na maandishi hujitambulisha kwa alama zilizoning'inizwa: mchi na kinu kwa muuza dawa, mipira mitatu kwa mweka rehani, mti wenye mistari ya kuzunguka kwa kinyozi, kiatu kikubwa kilichopakwa dhahabu kwa mshona viatu.

Jina likishapatikana, vitabu vya anwani huanza kusaidia. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka kwenye intaneti mamia ya vitabu vya anwani vya miji ya nchi hiyo hadi mwaka 1911. Tafuta jina, kisha utafute mtaa, kwa sababu maduka mengi yalihamahama huku majina yakibaki. Kilicho bora zaidi, ingawa watu wachache hukitumia, ni madaftari ya ukadiriaji wa majengo, yaliyoanzishwa mwaka 1855 na kuandikwa upya kila mwaka. Yanataja nyumba au duka, mwenye mali, mpangaji, na kodi ya mwaka. Mwaka wa madaftari hayo hauanzi Januari. Unafuata sikukuu ya Whitsun, mwezi Mei, ambao ndio uliokuwa msimu wa kuhama na kuanza mikataba ya upangaji. Kwa sheria ya mwaka 1886 siku za kuhama ziliwekwa kuwa tarehe 28 Mei na 28 Novemba. Picha yenye kibao kipya, ngazi ya mpaka rangi, na dirisha tupu ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya majuma ya karibu na tarehe hizo.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kitabu cha anwani hukusanywa kabla ya kuchapwa, hivyo hali yake ni ya miezi kadhaa iliyopita. Na jina juu ya mlango si lazima liwe la mtu aliye hai: duka lililojenga sifa liliendelea kuitwa kwa jina la mwanzilishi chini ya mwana, mkwe au mnunuzi, wakati mwingine kwa kizazi kizima. Basi jina linathibitisha kwamba picha haikupigwa kabla ya duka kufunguliwa; halithibitishi kwamba mzee aliyesimama mlangoni ndiye mwenye jina hilo. Nimeona mababu wengi wa watu wakipatikana kwa njia hiyo ya mkato.

Kwa kutambua watu, sensa ndiyo njia. Sensa za Uskoti za kila miaka kumi kuanzia 1841 zimefunguliwa kwa umma hadi ile ya 1921, kwa kuwa hufungwa kwa miaka 100. Zinataja umri, kazi, mahali pa kuzaliwa na waliolala nyumba hiyo. Kumbuka pia kwamba katika hati nyingi za Uskoti mwanamke aliyeolewa huendelea kutajwa kwa jina la ukoo wa baba yake pamoja na la mumewe, jambo linalowasumbua Waingereza lakini halitamshangaza msomaji wa Kiswahili.

Watu wa kazi

Picha maarufu kuliko zote za kazi katika mji huu ni zile za Hill na Adamson za miaka ya 1840, zilizopigwa mwisho wa mashariki wa North Street, mahali palipoitwa Fishergate, penye makazi ya wavuvi. Wanawake na watoto wamekaa nje ya nyumba zenye ngazi za mawe za nje, wakitia chambo cha kome kwenye ndoana za mishipi. Zisome kwa heshima na kwa mashaka. Kutia chambo ilikuwa kweli kazi ya wanawake na watoto wa familia za wavuvi, na ilifanyika nje kwa ajili ya mwanga, lakini kwa muda ambao kalotaipu ilidai, hakuna aliyekuwa akifanya kazi wakati kifuniko cha lenzi kilipoondolewa. Walipangwa, wakaambiwa watulie, na mikono iliyo juu ya mshipi ilisimamishwa pale iliposimama. Utapata elimu sahihi kuhusu vyombo, yaani makapu ya kubebwa mgongoni, mavazi, na namna mishipi ilivyopangwa. Usichukue mpangilio wa watu kuwa desturi yao ya kila siku.

Kazi ya pili inayoutambulisha mji ni ya gofu. Hadi katikati ya karne ya 19 mpira wa gofu ulikuwa mfuko wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya ndege, na Allan Robertson, aliyefariki mwaka 1859, alikuwa miongoni mwa mafundi wake mashuhuri. Karibu na 1848 uliingia mpira wa gutapacha, utomvu mgumu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambao ulikuwa wa bei nafuu na uliivunja kabisa kazi ya manyoya. Fundi Robert Forgan aliichukua karakana ya Hugh Philp mwaka 1856, na Tom Morris Mkubwa, aliyeishi kutoka 1821 hadi 1908, alifungua duka lake mbele ya shimo la mwisho. Katika picha za karakana za namna hii tafuta vitu vilivyo mikononi: vichwa vya mbao vilivyochongwa, mipini, vyungu vya gundi, jiliwa juu ya meza. Mpira wenye nyuzi za mpira zilizofungwa ndani yake ulipatiwa hataza nchini Marekani mwaka 1899 na ukaiondoa gutapacha katika miaka michache. Fremu za kusubu gutapacha zikiwa mezani, huenda uko kabla ya mabadiliko hayo.

Picha za kikundi mbele ya duka zina sarufi yake. Mwenye duka yuko mlangoni au katikati, mara nyingi ndiye pekee asiye na aproni. Wasaidizi hupangwa kwa umri. Mvulana wa kupeleka mizigo husimama pembeni na kapu au baiskeli. Duka la nyama lililofunikwa kwa mizoga kutoka paa hadi chini si hali ya kila siku bali ni maonyesho ya Krismasi, na tarehe yake ni Desemba. Picha hizi zililipiwa na mwenye duka, na kwa hiyo zinaonyesha alichotaka kionekane. Wafua nguo, wabeba makaa, wanawake waliosafisha sakafu za maduka hayohayo alfajiri, hawamo, isipokuwa pale ambapo mmoja wao alipita bila kukusudia na kuacha ukungu kwenye ukingo wa bamba. Chunguza kingo na madirisha ya ghorofa ya juu kwa makini kuliko katikati.

Kuziunganisha dalili

Tuseme unayo kadi ya posta ya South Street ikitazama mashariki. Mnara wa Holy Trinity uko kushoto, kwa hiyo haijageuzwa, na mwili wa kanisa ni ule wa baada ya ujenzi mpya: ni 1909 au baadaye. Nyuma imegawanywa, jambo ambalo haliongezi kitu. Stempu ni ya nusu peni yenye kichwa cha George wa Tano, kwa hiyo ilitumwa kati ya 1911 na Juni 1918. Vyandarua viko wazi upande wa kushoto. Vivuli vya watu ni vifupi na vinaelekea kaskazini. Miti ina majani: ni mchana wa kiangazi. Lipo gari lenye SP, lina kivuli chake, na halipingani na lolote. Duka moja lina jina ambalo, kwa daftari la ukadiriaji, liliingia hapo Mei 1910. Unaweza sasa kuandika: kiangazi cha 1910 hadi kile cha 1917, kwani kiangazi cha 1918 kilikuwa kimeanza tu bei ya posta ilipopanda. Namba ya JV inaweza kuibana zaidi. Maelezo ya chini yakisema «karibu 1900», unayo haki ya kuyakataa, na unazo sababu za kuandika kando yake.

Andika kila tarehe kama muda wenye mwanzo na mwisho, na kila mwisho uambatane na sababu yake. Neno «karibu» lisilo na sababu halimsaidii anayekuja baada yako, kwa sababu hawezi kujua ni kipi cha kusahihisha ushahidi mpya unapopatikana.

Ikiwa picha asili ziko mikononi mwako, zishike kwa kingo, usizibandike kwa gundi wala utepe, na uandike nyuma kwa penseli laini tu. Usijaribu kusafisha bamba la kioo kwa maji au kitambaa. Upande usio na mng'ao ndio wenye picha, na hutoka kwa urahisi. Skani nyuma pia, hata kama ni tupu, na uhifadhi faili la kwanza bila kuligusa kabla ya kufanya marekebisho yoyote ya mwanga kwenye nakala.

Kuhusu haki, sheria ya huko hulinda picha kwa miaka 70 baada ya kifo cha mpiga picha, hivyo kazi za Rodger, aliyefariki mwaka 1883, zimeachiliwa zamani. Lakini maktaba inayomiliki bamba inaweza kuwa na masharti na ada zake kwa nakala kubwa za kuchapishwa, na masharti hayo hutofautiana kati ya mkusanyiko mmoja na mwingine. Soma ukurasa wa picha husika, nakili namba yake ya kumbukumbu herufi kwa herufi, na uitaje kila unapoitumia. Maktaba hupokea masahihisho. Ukiwa na muda uliouthibitisha, wapelekee barua pepe fupi yenye namba hiyo, tarehe unayoipendekeza, na dalili zako kwa mpangilio uliozifuata.